Dawa ya kumbukumbu niliyoiuza mimi mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua nimeandika ndefu. Ukilazimika kuikata, kata pale ninapojisema mimi, habari za Mama na za chupa uziache.

Jumamosi iliyopita niliagiza vitumbua, vikaja vimefungwa kwenye gazeti lako. Samahani, mara nyingi ndivyo linavyonifikia. Nikiwa natafuna, macho yakatua kwenye tangazo: kichwa cha mtu kimechorwa upande, ndani yake ubongo unawaka kama karabai, na chini vidonge vya kuongeza kumbukumbu, "kwa wanafunzi wa mitihani na wazee wanaosahausahau, matokeo ndani ya siku 14". Kuna namba ya simu, na ahadi ya kutuma mikoani. Mafuta ya vitumbua yalikuwa yamepenya karatasi hadi upande wa pili, na huko kulikuwa na habari ya maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne. Sijui kama waliopanga kurasa walikusudia, lakini mzazi aliyeshika karatasi ile alivipata vyote viwili kwa mkono mmoja.

Sijatapeliwa na mtu. Naandika kama muuzaji. Nina duka la dawa muhimu hapa Muheza, mkoa wa Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi msaidizi kwa miaka 19. Wateja huniita "dokta". Zamani nilikuwa nawasahihisha, siku hizi nimechoka. Vidonge vya kumbukumbu nimeviuza kwa miaka minne, vya majani ya mti uitwao ginko, vya mafuta ya samaki, vya mchanganyiko wa vitamini vyenye picha ya mtoto aliyevaa joho la kuhitimu. Kuanzia Agosti hadi Novemba ndivyo vilivyokuwa vinalipa pango la duka. Hilo nalisema mapema ili asije mtu akaniambia baadaye.

Sasa habari za Mama.

Mama ana miaka 71. Aligundulika na kisukari mwaka 2013, na tangu hapo anameza metformini asubuhi na jioni, ile ambayo wagonjwa wetu huiita tu "ya sukari". Hajawahi kuruka dozi, ni mtu wa utaratibu. Baadaye akaanza kulalamika kiungulia, akaandikiwa omeprazoli ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka mitatu, kwa sababu mwenye duka ni binti yake na vidonge havikuwahi kumwishia. Meno nayo yalikuwa yamekwisha, akaacha nyama, kisha akaacha samaki kwa kuogopa miba, akabaki na bada, kisamvu cha nazi, maharage na chai ya rangi. Hakuna aliyemlazimisha. Ndicho chakula alichokulia na anakipenda.

Mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, nikaanza kuona mambo. Anatia chumvi kwenye kisamvu, anageuka, anatia tena. Akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki mwaka 1998. Halafu likaja la upatu. Mama amekuwa mshika daftari wa upatu wa wanawake wenzake kwa miaka mingi, na daftari lenyewe lilikuwa la kuwaridhisha wengine tu, maana yote alikuwa nayo kichwani: nani anadaiwa, nani alipokea mwezi gani, nani ana tabia ya kuleta noti zilizochanika. Mwezi ule alilipa mchango wake mara mbili ndani ya wiki moja, na alipoambiwa ameshalipa akagomba, akasema wanataka kumdhulumu. Nilimshika mkono tukaenda nyumbani. Njiani akasema, "Mwanangu, nahisi kama nimevaa soksi." Alikuwa na kandambili tu.

Nikamwambia ni sukari hiyo, miguu ya wenye kisukari hufa ganzi. Si uongo, hufa ganzi kweli. Lakini niliposema vile nikawa nimefunga mlango.

Nikafanya nilichokuwa nawafanyia wateja. Nikamtolea kopo la ginko kutoka kwenye rafu yangu, bila kumtoza hata senti. Nikaongeza vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5, maana alionekana mchovu nikasema ni damu. Dada yangu aliyeko Muscat akatuma mafuta ya samaki, chupa mbili kubwa. Mdogo wetu akaleta unga wa mlonge. Mama mkubwa akaja kutoka Pangani na habasoda iliyosagwa ndani ya asali, na maelekezo ya kijiko kimoja kabla ya jua kuchomoza. Kila mmoja alileta kwa mapenzi, na Mama kwa adabu yake akawa anameza vyote. Asubuhi ilikuwa kama hesabu ya tasbihi.

Ikafika Mfungo Sita. Alikwenda kwenye maulidi msikiti uleule anaokwenda tangu nikiwa mtoto, na jioni akaletwa nyumbani na kijana wa bodaboda. Alimkuta amekaa kwenye jiwe kando ya barabara ya Amani, anamuuliza kila anayepita kama basi la Korogwe limeshapita. Mama hana mtu Korogwe. Kijana yule alikataa nauli.

Hospitali tulipokelewa na daktari ambaye angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Hakuanza na ubongo. Aliuliza, "Bibi anatumia dawa gani? Zote, dada yangu. Hata za kienyeji, hata za kuagiza kwa simu." Nikaanza kumtajia, akaninyooshea kiganja: nenda nyumbani kaviweke vyote kwenye mfuko, uniletee. Nilirudi na mfuko wa sokoni umetuna. Akavipanga juu ya meza, vikafika 11. Halafu akavigawa mafungu mawili. Fungu kubwa lilikuwa la vyote vilivyoletwa kwa ajili ya kumbukumbu. Fungu dogo lilikuwa na vitu viwili, metformini na omeprazoli, akakigusa kimoja kimoja kwa kidole na kusema, "Mimi naanzia hapa."

Akamwomba Mama atoe ulimi. Miaka 19 nimevaa sare nyeupe na ulimi wa mama yangu sikuwahi kuutazama. Ulikuwa mwekundu na laini, kama ubao uliopigwa msasa. Kisha akatoa chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kikalia, akakiweka kwenye kifundo cha mguu. "Bibi, unasikia kinatetemeka?"

"Nasikia baridi," Mama akasema.

Akakipandisha kwenye goti. "Na hapa?"

"Hapa kama nyuki."

Damu ilikuwa 11.8, si nzuri sana lakini si ya kumlaza mtu. Kama angeishia hapo tungerudi nyumbani. Alichokiona yeye ni ile asidi ya foliki. Alinieleza, na nilijisikia mdogo kwa sababu nilifundishwa nikasahau, kwamba vitamini B12 na foliki hufanya kazi pamoja kutengeneza damu. B12 ikipungua, damu nayo hushuka, na kushuka huko ndiko kengele inayomshtua daktari. Ukimpa mtu foliki nyingi, damu inaweza kurekebika huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika taratibu. Kengele nilikuwa nimeinyamazisha mimi, kwa kidonge kimoja cha njano kila asubuhi.

Sampuli ikapelekwa Dar es Salaam. Siku ya sita majibu ya B12 yakaja: 96, wakati maabara ile iliandika kwamba mpaka wa chini ni 200.

Mhariri, nitaeleza hili kwa urefu kidogo kwa sababu najua wangapi wanaonunua metformini dukani kwangu, na sidhani kama Muheza ina wagonjwa wa sukari wengi kuliko kwingine. Mwili hautengenezi B12, na mimea haina. Mchicha hauna, maharage hayana, mlonge hauna pamoja na sifa zake zote. Ipo kwenye maini, nyama, samaki, mayai, maziwa, na kwa sisi wa kipato cha kawaida ipo tele kwenye dagaa. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, kwa mtu mzima mikrogramu 2.4 kwa siku. Lakini safari yake ni ndefu. Tumboni inahitaji asidi iitoe kwenye chakula, na omeprazoli kazi yake ni kupunguza asidi. Kisha hubebwa hadi karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo metformini inapoizuia kupita vizuri. Mama alikuwa na vizuizi viwili njiani, na juu ya hayo alikuwa haili. Kilichotudanganya ni ini. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, ghala kweli, kwa hiyo upungufu hauonekani mwezi ule wala mwaka ule. Unaonekana siku mtu anapolipa upatu mara mbili.

Hii si habari mpya. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, Minot na Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa damu unaoletwa na kukosa B12 walipona kwa kulishwa maini kila siku, hadi karibu robo kilo, na mwaka 1934 wakapata tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao Whipple. Nilipomsimulia Mama akauliza robo kilo ya maini kila siku analipa nani. Vitamini yenyewe ilipatikana ikiwa safi mwaka 1948, na ndiyo maana leo tuna sindano. Na kuhusu metformini, mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wake kupima B12 kwa wagonjwa wenye dalili, na kuwafuatilia walio kwenye hatari ya upungufu. Metformini ni dawa nzuri, asije mtu akaiacha kwa sababu ya barua yangu. Mama bado anaimeza. Omeprazoli ndiyo iliyopunguzwa, kisha ikaachwa.

Sindano zilianza siku moja baada ya nyingine, baadaye kila wiki, sasa ni kila baada ya miezi miwili. Nilikuwa namchoma mwenyewe, na kila nikimchoma ananiita "dokta" kwa kejeli. Wiki ya sita, tunamenya mihogo, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Na ile hela niliyolipa mara mbili, walinirudishia?" Nilitoka nje nikajifanya naita kuku.

Daftari la upatu amerudishiwa. Soksi hazijatoka. Daktari alishatuonya kwamba kilichokaa muda mrefu huenda kisirudi chote, na usiku bado anashika ukuta akienda chooni. Miezi ile kati ya Ramadhani na Mfungo Sita, nilipokuwa nikimpa ginko, ndiyo ninayoihesabu.

Wala sisemi kwamba kila mzee anayesahau ana upungufu wa B12. Wengi hawana. Yupo mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, yupo ambaye shinikizo la damu limemharibia mishipa midogo ya ubongo, yupo ambaye tezi ya shingo imelala, yupo asiyesikia vizuri na watu wanadhani hakumbuki alichoambiwa. Na wapo, hili nalisema kwa wenye maduka wenzangu, wanaomeza vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio kila usiku ili wapate usingizi. Klofeniramini humchanganya mzee. Mteja wangu mmoja, mzee wa miaka 80, aliviacha akarudi kwenye bao akiwa mtu mwingine, na aliyekuwa akimuuzia ni mimi. Mtu wa B12 ukimpa B12 utamwona anarudi. Asiye na upungufu ukimchoma hadi mkono uvimbe hutaona kitu. Hiyo ndiyo habari ya vitamini zote ninazozijua, na hiyo ndiyo ambayo tangazo lako haliwezi kuiandika, kwa sababu ukiiandika inabidi uanze kwa kupima.

Nirudi kwenye ginko, maana ndiyo yenye jina kubwa. Ni mti wa China, majani yake kama upepeo mdogo. Mpwa wangu anasoma ufamasia, nikamwomba anitafutie kama kuna waliopima kweli, si ushuhuda wa shangazi ya mtu. Akanitafutia. Marekani walichukua wazee 3,069, wote wa miaka 75 na kuendelea, nusu wakapewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu wakapewa vidonge vya kufanana visivyo na kitu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata kipi. Wakawafuatilia kwa takribani miaka sita. Majibu yalitoka mwaka 2008: walioingia kwenye ugonjwa wa kupoteza akili walikuwa 277 upande wa ginko na 246 upande wa vidonge vitupu. Ufaransa nao wakachukua 2,820 wa miaka 70 na zaidi, miaka mitano, majibu mwaka 2012, hakuna tofauti. Mimi nilikuwa nauza cha miligramu 60, kimoja kwa siku, na nilikuwa nasema "subiri mwezi wa pili utaona". Tena ginko inahofiwa kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na sikuwahi kumuuliza mteja hata mmoja kama anazitumia.

Sitaficha linalopingana nami. Multivitamini ya kila siku kwa wazee imepimwa pia. Jaribio moja la madaktari wanaume 5,947 huko Marekani, miaka 12, lilitoa majibu mwaka 2013: haikuwasaidia akili. Jingine la watu 2,262 wa miaka 65 na zaidi, miaka mitatu, mwaka 2022 likaonyesha nafuu kidogo. Kidogo. Mpwa wangu anasema tusubiri, na mimi nasubiri. Lakini hakuna popote kwenye hayo panaposema siku 14.

Nilipomaliza kusoma niliteremsha makopo yote yaliyobaki, nikavaa miwani, nikasoma upande wa nyuma ambao wateja hawausomi na mimi sikuwa nausoma. Chini kabisa, kwa Kiingereza cha herufi za ukubwa wa mbegu ya mchicha, limeandikwa kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 ndiyo inayowalazimisha kuandika hivyo, na sheria hiyohiyo inawaruhusu kuuza bila kwanza kuthibitisha kwamba kitu kinafanya kazi. Kwa hiyo kopo lenyewe linasema kwa Kiingereza kwamba halitibu, na tangazo kwenye gazeti lako linasema kwa Kiswahili kwamba linatibu. Mama yangu anasoma Kiswahili tu.

Kuhusu wanafunzi nitakuwa mfupi ingawa ndiko fedha iliko. Mwaka jana baba mmoja alikuja na binti yake wa kidato cha nne. "Dokta, huyu anasoma hadi saa saba za usiku, asubuhi hakumbuki kitu. Nipe kile cha kichwa." Nilikuwa nimeshabadilika, nikamwomba binti aniwekee viganja juu ya kaunta. Vilikuwa vyeupe kama ndani ya yai. Nikamuuliza pembeni kuhusu siku zake, akasema huwa nzito, siku nane. Nikawaambia waende kituo cha afya wapime damu kabla ya kuniletea hela. Baba hakufurahi, akaenda duka la jirani, akapata alichotaka. Wiki tatu baadaye mama mtu ndiye aliyempeleka kupima: 8.4. Akaanzishiwa vidonge vya fefo, yaani madini ya chuma na foliki, na dawa ya minyoo. Madini ya chuma yakipungua msichana hushindwa kushika masomo hata kabla damu haijashuka. Mwaka 1996 watafiti wa Baltimore walichapisha kwamba wasichana wa sekondari wenye upungufu wa chuma, ambao damu yao ilikuwa bado sawa, walikumbuka maneno vizuri zaidi baada ya wiki nane za kupewa chuma. Fefo dukani kwangu ni bei ya maandazi. Hakuna anayeitangaza kwenye gazeti.

Na usingizi je? Saa saba za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa nne. Sina kidonge cha hilo.

Jambo moja la dawa za kienyeji, maana najua wapo watakaosema nimekuwa mzungu. Nimesoma chuo cha Kurani mimi. Mwalimu wetu alikuwa analowesha ubani maka kwenye maji usiku kucha, alfajiri tunapewa funda moja moja na zabibu saba, kisha tunakaa chini kurudia juzuu. Tulikuwa tunakula zabibu kwa uchu na ubani kwa kukunja uso. Sijui ubani ulifanya nini, lakini najua kwamba tulikuwa tumelala tangu saa mbili usiku, tumeamka akili imetulia, na tulirudia aya ileile mara 20 huku fimbo iko karibu. Mwalimu hakututoza kitu, wala hakusema tukinywa ubani tusirudie. Mlonge wa mdogo wangu bado tunautia kwenye mboga, ni chakula kizuri. Habasoda ya Mama mkubwa iko kabatini. Kosa halikuwa la habasoda, lilikuwa la sisi sote kutibu jina la ugonjwa bila kumtazama mgonjwa.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Siombi uache matangazo, najua gazeti haliendeshwi kwa salamu. Naomba dawati lako la matangazo limuulize mleta tangazo maswali mawili kabla ya kupokea hela: bidhaa hii imesajiliwa na nani, na kwenye kopo lenyewe imeandikwa inatibu nini? Tangu mwaka 2019 dawa zimebaki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mambo ya chakula yamekwenda TBS, shirika la viwango. Vitu hivi hupenda kujibanza katikati: kwa mkaguzi ni chakula, kwa mgonjwa ni dawa. Mtu wa tangazo la siku 14 aseme ni kipi.

Na kwa msomaji mwenye mzazi anayetumia dawa ya sukari kwa miaka mingi, hasa kama hali nyama wala samaki, au anameza omeprazoli: akianza kusahau au kusema miguu ina ganzi, peleka dawa zake zote kwa daktari kwenye mfuko mmoja, na uulize kuhusu B12 kwa kuitaja jina. Kipimo si rahisi kwa mfuko wa mtu wa kawaida na hakipo kila hospitali. Kwetu kilikula faida ya duka ya karibu wiki mbili. Makopo ya ginko ya miezi mitatu, kama ningemuuzia Mama, yangezidi hapo.

Rafu ile sasa nimeweka dagaa wa pakiti. Mkaguzi akija sijui nitamwambia nini.

Alhamisi hii nafunga duka saa nne asubuhi, ni siku ya sindano ya Mama. Kama nimekosea mahali, wafamasia wanisahihishe hapahapa gazetini, nitasoma hata likija limefunga vitumbua.

Muuza dawa,
Muheza, Tanga